Alama Ni Moja

Jioni ya tarehe 19 Julai 2022 tulikuwa akina mama saba sebuleni kwa mwenzetu. Tulikuwa tumekwisha kupanga zamu za kuwatembelea wagonjwa wa kanisa letu, chai ilikuwa bado mezani, na runinga ilikuwa ikiwaka. Wagombea wenza wa urais wa Kenya walikuwa wakihojiwa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Nairobi. Mwenye nyumba alitaka kuizima mpaka wafike "wakubwa", yaani Martha Karua na Rigathi Gachagua. Kwanza walikuwa zamuni akina mama wawili wa vyama vidogo, Justina Wamae wa Roots Party na Ruth Mutua wa Chama cha Agano.

Hatukuizima. Mwaka ule wagombea urais walikuwa wanne, na watatu kati yao walikuwa wamechagua wanawake kuwa wagombea wenza. Jambo hilo lilitugusa, tusifiche.

Lakini kwa Roots tulikuwa na kinyongo. Mgombea wake, Profesa George Wajackoyah, aliahidi kuruhusu kilimo cha bangi ili nchi ilipe madeni yake, pamoja na ufugaji wa nyoka. Vijana walimshangilia barabarani. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi hatukucheka. Tunawapokea vijana usiku wakiletwa na jamaa zao, wengine wamefungwa kamba mikononi, wakizungumza na watu wasioonekana. Si kila avutaye hufikia hapo, lakini anayefikia ana mama yake, na mama huyo hukaa kwenye benchi la nje mpaka asubuhi.

Mmoja wa akina mama hao alikuwa nasi jioni ile. (Ametupa ruhusa kueleza haya, mradi tusimtaje.) Mwanawe alikuwa amelazwa mara tatu. Tulidhani atainuka aende jikoni. Badala yake aliweka kikombe chini akasikiliza. Wamae, mama kijana, alijibu kwa utulivu, bila matusi, akieleza kwamba mpango wao ulihusu dawa na viwanda. Alipomaliza, mwenzetu alitugeukia sisi wawili tuliotoka zamu.

"Sista, huyu binti anasema vizuri. Mbona hamkuniambia kuwa kule kuna mtu kama huyu? Huyu nitampa kura."

"Mama, na bangi?"

"Yeye hakusema watoto wavute."

Hapo ndipo tulipoona nguvu ya mgombea mwenza wa chama kidogo. Vyama vikubwa huchagua mwenza ili kuvuta kura za eneo fulani, na hata hivyo si lazima zije. Karua ni wa Kirinyaga, lakini Kirinyaga ilimpa William Ruto kura nyingi sana. Chama kidogo hakina eneo la kuvuta. Mwenza wake huwafanya watu wenye mashaka waone haya kidogo tu, si haya nyingi. Mwenza mwenye heshima hukifunika chama kama leso safi juu ya sinia. Chakula kilichomo ni kile kile.

Tulimweleza sheria kama tulivyoielewa. Katiba ya mwaka 2010 inataka kila mgombea urais awe na mwenza, nao huchaguliwa kwa kura moja. Huwezi kumpa binti ukamnyima profesa. Na rais akifariki au akiondoka, naibu wake hushika kiti kwa muda uliobaki, kwa hiyo mwenza si pambo.

"Kwa hiyo nikimpa huyu nimempa na yule?"

"Ndiyo, mama. Alama ni moja."

Alinyamaza. Nasi tulinyamaza, kwa sababu hatukutaka kumpigia kura yake. Baadaye mmoja wetu alisema kwamba kura ya chama kidogo ni kura ya kutupa. Hapo tulipingana naye, na matokeo yametupa sababu. Wajackoyah alipata kura 61,969, na David Mwaure wa Agano 31,987. Ukizilinganisha na 7,176,141 za Ruto na 6,942,930 za Raila Odinga, ni punje. Lakini mshindi hutakiwa kuvuka nusu ya kura, na Ruto aliivuka kwa kura kama elfu sabini tu. Wapiga kura wake wa kadiri hiyo wangevutwa na vyama vidogo, tungerudi kwenye foleni kwa duru ya pili. Mwaka 2013 ilikuwa karibu zaidi. Uhuru Kenyatta alipata asilimia 50.07, huku Peter Kenneth akipata kura 72,786 na Karua, wakati ule akigombea mwenyewe, 43,881.

Kura hizo basi zina uzito. Ndiyo maana ilituhuzunisha kuona, siku chache kabla ya uchaguzi, Wajackoyah na Wamae wakitofautiana hadharani. Aliyevutwa na binti angefuata nani? Hata kwa washindi undugu haukudumu, kwani Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa Gachagua, na Kithure Kindiki akawa naibu wa rais bila sisi kupanga foleni tena.

Siku hizi mgombea mwenza akitupendeza tunaulizana kwanza: je, aliyemchagua humsikiliza? Akipinga ahadi ya mkubwa wake, ni ahadi ya nani itakayotimizwa? Maswali hayo tungeyauliza kabla ya kumwoza binti yetu, na huko hatuoni aibu kuuliza.

Tarehe 9 Agosti tulipanga foleni pamoja tangu alfajiri, tukiwa na blanketi mabegani. Mwenzetu aliingia kabla yetu. Alikaa ndani muda mrefu kidogo, akatoka akipuliza wino kidoleni. Hakutuambia alipoweka alama, nasi hatukumwuliza.

"Nawatangulia," alisema. "Nimemwacha kijana bila chai, na dawa yake hainywewi kwa tumbo tupu."