Maziwa ni Halali, Nayo Yahitaji Ulinzi

Kila asubuhi pikipiki zilizofungwa madumu ya maziwa huelekea Dar es Salaam, nyingine zikitoka Kibaha kwa Barabara ya Morogoro, nyingine Kisarawe kupitia Pugu. Sehemu ya maziwa hayo hubaki huku kwetu, na mwezi wa Ramadhani huletwa msikitini kuwa sadaka ya futari.

Sisi tulio katika kamati ya msikiti hapa Kibaha tuliafikiana kwamba maziwa hayo yachemshwe kwanza. Mzee wetu mmoja hakuridhika. "Wanangu," alituuliza, "Allah ameyasifu maziwa katika Surat An-Nahl kuwa ni safi. Ninyi mnayatilia shaka?"

Swali hilo lilistahili jibu la adabu. Aya ya 66 ya sura hiyo yatukumbusha neema ya Muumba. Kuitunza neema ni wajibu wetu. Swahaba Abu Humayd alipomletea Mtume (s.a.w.) maziwa katika chombo kisichofunikwa, aliulizwa kwa nini hakukifunika, japo kwa kukilazia kijiti juu yake. Wameipokea Bukhari na Muslim. Maziwa yalikuwa halali, na bado yalihitaji ulinzi.

Ng'ombe naye huugua. Bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba na wa kifua kikuu cha ng'ombe hutufikia kupitia maziwa mabichi. Ule wa kwanza huleta homa ya kuja na kuondoka na maumivu ya viungo, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Bakteria wengine hutoka katika mikono isiyooshwa, kinyesi kilichogusa chuchu, au dumu la mdomo mwembamba lisilosuguliwa ndani. Kwa joto letu la Pwani, huongezeka upesi mno.

Kuchemsha huwaua. Hata hivyo, baadhi ya sumu wanazoacha katika maziwa yaliyokaa haziondoki kwa moto. Ndiyo maana usafi huanzia kwa mkamuaji. Mtindi nao utokane na maziwa yaliyochemshwa, kwa kuwa uchachu peke yake si kinga ya kutosha.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na mkaa atanunua nani?" Tukaupitisha katika bajeti ya futari.

Enyi wafugaji na wauzaji, afya ya mnunuzi ni amana mikononi mwenu. Nanyi kina mama na kina baba, msimpe mtoto wala mjamzito maziwa mabichi. Allah atuwezeshe kuzitunza neema Zake. Amin.