Mzigo na Furushi

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Watoto niliowafundisha Mwanza kwa miaka mingi walilijua hilo, na wengi wao wamekuwa watu wazima na kulisahau, kwa sababu maji hatuyahesabu kuwa mzigo mpaka tujitwike ndoo kichwani.

Nayasema haya kwa ajili ya tangi la samaki la mwanangu. Alipofariki, vitu vyake viligawanywa kwa ndugu kama ilivyo desturi, na mjukuu wangu, aliyekuwa na miaka tisa, hakuomba simu ya baba yake wala baiskeli. Aliomba tangi. Likaja nyumbani kwangu bila meza yake, maana meza ilikuwa imeliwa na mchwa. Ni tangi la kioo cha milimita 8, urefu sentimita 100, upana 40, kimo 45.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni mtu mwema na ni mwombaji. Hazikupita siku mbili akawa ameleta shelfu ya chuma kutoka dukani, zile za kufunga kwa bolti na nati ambazo maofisini huwekea mafaili: rangi ya kijivu, nguzo nne zenye matundu, vibao vitano vya bati. Urefu 100, upana 40. Ililingana na tangi kana kwamba vilizaliwa pamoja. Ubavuni ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kilo 500. "Shemeji, kilo mia tano hizo," akaniambia. "Tuweke kwa imani."

Nilivaa miwani nikaisoma karatasi ile mpaka chini. Kilo 500 zilikuwa za vibao vyote vitano kwa pamoja. Kila kibao ni kilo 100. Na hata hizo 100 zilikuwa na masharti: mzigo utandazwe sawasawa juu ya kibao kizima, sakafu iwe sawa, shelfu ifungwe ukutani. Nikachukua kalamu. Maji, ukiacha sentimita tano juu, ni lita 160. Kioo chenyewe kama kilo 33. Mchanga na mawe, 40. Jumla kilo 233, karibu mifuko mitano ya saruji, juu ya bati ambalo nikilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea.

Tena kioo si faili. Kibao kikipinda katikati kwa milimita chache, mafaili hayatajali, lakini tangi litabaki limeegemea pembe zake, silikoni itavutwa kidogo kidogo, na siku isiyojulikana litapasuka. Na shelfu za namna hii huvumilia mzigo unaokandamiza kwenda chini kuliko msukumo wa kutoka ubavuni. Zisipowekewa vyuma vya mshazari nyuma, huyumba. Mjukuu wangu alikuwa akilala chumba hichohicho, godoro lake hatua mbili kutoka pale.

Nilimwambia shemeji hapana. Alinyamaza, nami nilijua amesikia kama nimeipima imani yake na kuiona pungufu. Sina ugomvi na neno "kwa imani". Nimeishi kwalo. Lakini ibilisi alipompandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu, alimwalika afanye tendo ambalo kwa macho ya watu waliokuwa chini lingeonekana kuwa imani kubwa kupita zote. Bwana hakuruka.

Karatasi ile ilinikaa moyoni kwa sababu nyingine pia. Katika wiki zile za msiba watu wengi waliniambia neno moja: Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Walilisema kwa upendo, wengine huku wakinishika mkono. Nami, kwa mazoea ya ualimu, nilitaka kujua jibu limetoka wapi. Pale watu wanapodhani limeandikwa, Wakorintho wa Kwanza sura ya 10, Paulo anazungumzia majaribu yanayomvuta mtu aiache njia ya Mungu, hazungumzii mama anayemzika mwanawe. Na huyohuyo Paulo, mwanzoni mwa waraka wa pili kwa Wakorintho, anawaeleza kwamba dhiki iliyowapata kule Asia iliwazidi uwezo, wakaona hata uhai wenyewe unawaponyoka. Iliwazidi. Nilikaa na maneno hayo usiku mzima, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nililala bila kujilaumu kwamba ninaelemewa.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba karatasi ya dukani ilikuwa na uaminifu ambao msemo wetu hauna: ilitaja masharti. Huzuni haitandazwi sawasawa. Ina miguu kama kitanda, na kila mguu unadidimia mahali pake: saa kumi na moja jioni, alipokuwa akipiga hodi, sahani ya ziada niliyoendelea kuitoa kabatini, kikohozi cha jirani kinachofanana na chake. Mtu mwenye nguvu za kilo 100 anaweza kuanguka kwa kilo 20 zilizomwangukia pamoja katika tundu moja.

Katika Wagalatia sura ya 6, aya ya 2 na ya 5, watafsiri wa Biblia yetu ya Union Version walitumia maneno mawili, mzigo na furushi, na Kigiriki nacho kina maneno mawili pale. Mzigo tunachukuliana. Furushi kila mmoja analo lake. Furushi langu nalijua: kumlea huyu mtoto, kumwamsha kwa shule, kuitikia akiuliza habari za baba yake. Hilo simpi mtu. Lakini mzigo wa msiba jumuiya yetu iliubeba wote siku tatu za kwanza, sufuria juu ya sufuria, mpaka wali ukachacha. Mwezi wa tatu alikuwa amebaki mama mmoja tu, anayekuja Alhamisi na mboga zake. Watu walikuwa wengi, ila tuliwapanga wote juu ya kibao kimoja.

Fundi wa kuchomelea alikuja siku ya Jumamosi. "Mwalimu," alisema, "hii shelfu siitupi, ila haitabeba peke yake." Alikata nguzo zake zikawa fupi, akabakiza vibao viwili, kisha ndani yake akaunda fremu ya chuma cha pembe yenye miguu inayofika sakafuni, ili uzito ushuke moja kwa moja chini badala ya kuning'inia kwenye bolti. Nyuma akapitisha vyuma viwili vya mshazari. Juu akaweka plaiwudi nene na sponji nyembamba, chini ya kila mguu kipande bapa cha chuma, na akaifunga ukutani. Akaweka pimamaji kwa urefu, kwa upana, na kutoka pembe hadi pembe.

Tulijaza robo robo: madumu mawili ya lita 20, halafu tunasubiri mpaka kesho yake, tunaweka tena pimamaji, tunapapasa maungio kwa kitambaa kikavu. Godoro la mtoto lilihamia chumbani kwangu siku hizo zote. Madumu ya mwisho aliyamimina shemeji mwenyewe, taratibu, bila kusema neno, kisha akaketi mbele ya tangi mpaka magharibi.

Sasa mna furu watano humo, samaki wadogo wa ziwa letu, ambao watu wa umri wangu wanawakumbuka walivyokuwa wengi kabla sangara hajatawala. Furu jike huyabeba mayai yake mdomoni, na muda huo wote hali. Mmoja amefumba mdomo, shavu limetuna. Mjukuu wangu anahesabu siku kwa chaki ukutani, na jana aliniletea malalamiko: "Bibi, leo ya sita, na hajala." Nimemwambia asimgongee kioo.