Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Taa za Noah

Vudee, Same

Mpwa wangu,

Huku mlimani mguu wa mama yako umepona na tangu juzi amerudi kupalilia maharage yake, kwa hiyo acha kumpigia simu za kumkataza, hasikii. Ukungu umeanza kushuka mapema. Saa kumi na moja jioni simwoni jirani akiwa uani kwake.

Nimesikiliza sauti zote nne ulizonitumia kwenye simu, na picha ya ile Noah ya mwenzako wa Dar es Salaam nimeiona, imewaka zambarau ndani kama duka la keki. Unataka na yako iwe hivyo kabla ya Krismasi, watu wa kwetu wakirudi nyumbani wakute gari linalong'aa. Ulidhani nitakataa. Nilikujua kwa jinsi ulivyokuwa unaongea haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Sikatai. Hata sisi tulipamba. Land Rover niliyoanzia utingo ilikuwa na pazia la nyuzinyuzi juu ya kioo, maua ya plastiki kwenye dashibodi, na balbu moja nyekundu ambayo tajiri aliipenda kuliko breki. Kule Nairobi pambo la matatu limewahi kuwa jambo la serikali: mwaka 2004 kanuni za waziri Michuki ziliyavalisha magari mstari mmoja wa njano, na miaka 10 baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore. Pambo si dhambi. Mimi nataka tuongee juu ya waya, na juu ya macho yako.

Nianze na kile unachotaka kununua. Umesema roli mbili za utepe wa taa, za mita 5. Roli ya namna hiyo, ile yenye taa 60 kila mita, ikiwashwa nyeupe kwa nguvu zote hula kama wati 72. Mbili ni 144. Taa zako kubwa za mbele, zile za balbu za kawaida za wati 55, zote mbili kwa pamoja ni 110. Yaani umeme wa kupendezesha viti uwe mwingi kuliko umeme wa kukuonyesha korongo! Nunua ile seti ndogo ya vipande vinne, taa 12 kila kipande, yenye rimoti yake. Hiyo yote haizidi sana ampea 1, na ndani ya Noah inatosha na kubaki.

Umeniuliza pia mbona taa moja inatoa rangi zote. Si moja. Chukua kipande ukitazame kwa karibu mchana, kimezimwa: ndani ya kila kidonge kuna vidoa vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu. Rimoti inapunguza hiki na kuongeza kile, jicho linachanganya lenyewe. Nyekundu ya taa za namna hii ilikuwepo tangu 1962, ya Mmarekani Nick Holonyak. Buluu iliyo kali iliwasumbua wataalamu hadi miaka ya 1990, na wazaliwa watatu wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, wakapewa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2014. Bila buluu hiyo usingepata nyeupe wala hiyo zambarau yako. Nakuambia haya kwa sababu buluu nitairudia.

Sasa betri. Wewe umekulia hapa, umechunga zamu ya maji na babu yako, kwa hiyo sina haja ya maneno mengi: betri ni ndiva, lile bwawa letu la maji ya zamu. Mto hauna haraka, unajaza ndiva usiku kucha, asubuhi mwenye zamu anafungua na maji yanashuka kwa nguvu moja hadi shambani. Alternata ndiyo mto wako. Starta ndiye mwenye zamu, anataka maji mengi kwa muda mfupi. Ukiunga taa zako kwenye waya ambao una umeme hata funguo ikiwa mfukoni, umeacha ndiva inavuja. Ampea 1 kwa saa 10 za usiku ni ampea-saa 10, na betri ya Noah nyingi ni kama 45. Usiku wa kwanza gari litawaka kwa kulalamika. Wa pili au wa tatu, likikaa bila kuendeshwa, utaamsha watu wakusukume, na huku kwetu ukisukumwa kuelekea upande usiofaa, unajua mwenyewe. Kwa hiyo unga mahali ambapo funguo ikitoka, taa zinazima. Pima kwa testa, usiniambie fundi kasema.

La fyuzi nitalikawiza kidogo, maana hapo ndipo nilipofanya ujinga wa maisha yangu. Nilikuwa kijana, fyuzi ya taa za ndani inakata kila tukianza kupanda. Badala ya kutafuta waya uliochubuka, nikachukua ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaizungushia fyuzi iliyokufa, nikairudisha. Taa zikawaka, nikasifiwa. Tukiwa na mzigo wa ndizi na akina mama sita nyuma, nikasikia harufu ya plastiki, halafu moshi ukatoka chini ya dashibodi, mwembamba, mweupe, hauna haraka. Tajiri aling'oa kichwa cha betri kwa mikono mitupu. Waya wote wa upande ule ulikuwa umeyeyuka na kushikana kama ugali wa jana. Akina mama walishuka, wakamaliza safari kwa miguu na ndizi zao kichwani, na hakuna aliyenisalimia wiki ile.

Kwa hiyo elewa: fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Fyuzi ya soketi ya kiberiti mara nyingi ni ampea 15. Hivyo vijiwaya vya taa zako ni vyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Vitaungua muda mrefu kabla fyuzi ya 15 haijashtuka. Weka fyuzi yake peke yake, ya ampea 2 au 3, karibu kabisa na pale unapochukua umeme, si kule mwisho. Na ukikutana na nyaya zilizovikwa ganda la njano, ziache, hizo ni za mifuko ya hewa. Jingine dogo: ukikata utepe mwenyewe na kuunga, usiamini rangi za waya. Kwenye nyingi ya hizi, ule mweusi ndio chanya, na nyekundu ni njia ya kurudisha umeme wa rangi nyekundu tu. Fundi aliyezoea mweusi kwenda kwenye bodi anaweza kuleta shoti kabla hajaweka bisibisi chini. Soma palipoandikwa 12V.

Gundi yake nayo haiaminiki. Gari likishinda juani huko Same mjini inalainika, na utepe unaanguka. Chini ya dashibodi upande wako usibandike kitu. Sitaki utepe ukuangukie miguuni ukakaa chini ya breki.

Haya, macho. Nilikuwa naendesha Hiace ya mtu, tunatoka mjini usiku, masika, tumeshaacha lami tunapanda. Nyuma abiria mmoja alidondosha chenji yake, konda akawasha taa ya ndani amsaidie kutafuta. Kioo cha mbele kikageuka kioo cha kujitazamia. Nikaona uso wangu, kofia yangu, na nyuma yangu vichwa vya watu vimeinama. Barabara haikuwepo. Kona nilikuwa naijua kwa mwili, ndiyo iliyotuokoa. Nilikanyaga breki nikasimama, nikazima taa, na hata baada ya kuzima nilikaa kitambo nikisubiri ukingo wa barabara urudi. Chenji yenyewe ilikuwa shilingi mia mbili.

Jicho likizoea giza sawasawa limetumia dakika 20 hadi 30. Linaweza kupoteza kazi hiyo yote kwa kumulikwa mara moja. Buluu na nyeupe ndizo zinazoliharibu haraka, maana chembe za jicho zinazoona usiku zinaipenda buluu iliyokaribia kijani. Nyekundu hafifu haziishughulikii sana, ndiyo maana manahodha hutumia taa nyekundu kwenye chumba cha usukani usiku. Na ukungu wetu unaongeza lake: mwanga wowote ulio ndani unagonga kioo na kukurudia, wakati taa za mbele nazo zinagonga ukungu na kukurudia. Utakuwa katikati ya kuta mbili nyeupe, na kushoto kwako hakuna ukuta kabisa.

Basi ninavyoona mimi, vipande vyote vinne viwe nyuma, chini ya viti, vikimulika sakafu. Mama mwenye mtoto mgongoni ataona anakokanyaga, konda ataona chenji, na kwa nje gari lako litang'aa vilevile. Mbele pasiwe na kitu. Weka swichi ya kawaida karibu na mkono wako, si rimoti peke yake, maana rimoti itakaa kwa konda na konda ni kijana. Ile hali ya kucheza na muziki, taa zikirukaruka, iwe ya stendi na ya harusi. Ukianza kupanda, nyekundu hafifu au giza. Buluu inayomweka usiiweke kabisa mahali inapoonekana kwa mbele. Polisi wamekuwa wakikamata watu kwa vimulimuli, na trafiki hatasubiri umweleze kuwa ni mapambo.

Usimpe mtu kazi hiyo huko. Njoo nayo Jumamosi, tutaifunga mimi na wewe. Nina testa na kifaa cha kulehemu waya, koleo langu la kubania waya aliliazima mtu wa kwaya tangu Pasaka, njoo na lako. Tukimaliza tutasubiri giza, tulisogeze gari hadi ile kona ya juu ya mto. Wewe utakaa nyuma na rimoti, ubadilishe rangi moja baada ya nyingine, mimi nitakaa kwenye usukani nikuambie kwa kila rangi naona mawe mangapi ya ukingo. Halafu tutabadilishana viti, uhesabu mwenyewe.

Mama yako anasema uje na sukari kilo mbili na mafuta ya kula.

Mimi mjomba wako.