Adui Ajulikane kwa Alama Yake



Katika kazi yetu sisi walimu wa dini, mara nyingi twaitwa kilioni kabla padri hajafika. Huko swali tunaloulizwa zaidi si swali la katekisimu. Ni hili: "Nani amemwua mtoto huyu?" Hawaulizi ni nini, wauliza ni nani. Nami nimeona ya kuwa hakuna ugonjwa unaoamsha swali hilo upesi kama meninjiti. Mtoto hucheza asubuhi, jioni shingo yake imekakamaa, na kesho yake hayupo tena. Kifo cha namna hiyo watu hawakielewi, basi wamtafuta mtu.

Leo nataka kueleza ugonjwa huo waletwa na adui gani, na jinsi wataalamu walivyomtafuta adui huyo mpaka wakamtambua kwa alama zilizo katika ngozi yake. Habari yenyewe ni ndefu kidogo, lakini yatufaa sana sisi tunaokaa na watu msibani.

Meninjiti ni za namna nyingi. Ile inayoenea kama moto wa nyasi huletwa na mikrobe iitwayo meningokoko. Nilipokuwa seminarini, mwalimu wetu alituonyesha mikrobe kwa mikroskopi, nasi tulishangaa kuona umati wa viumbe katika tone moja la maji. Meningokoko ni mdogo hivyo hivyo. Huonekana wawili wawili, kama punje mbili za kahawa zilizotazamana. Hukaa puani na kooni mwa watu wenye afya, karibu mtu mmoja katika kumi, bila kuwadhuru. Huenda kwa mate na kikohozi. Lakini mara chache huvuka koo na kuingia damuni, na toka damuni hufika kwenye ngozi nyembamba inayofunika ubongo. Hapo ndipo hatari inapoanza. Hata wakitibiwa, karibu mgonjwa mmoja katika kumi hufa, na katika wanaopona wengine hubaki viziwi au na kilema kingine.

Bara letu lamjua sana. Katika miaka ya 1996 na 1997, katika nchi zilizopangana toka Senegali mpaka Ethiopia, watu zaidi ya 250,000 waliugua, na 25,000 walikufa. Na hapa kwetu Kongo, mwezi wa Septemba 2021, serikali ilitangaza ya kuwa meninjiti imezuka Banalia, katika jimbo la Tshopo. Siku ya kutangazwa, watu zaidi ya 100 walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa tuyatazame mavazi ya adui huyu. Nje kabisa amevaa koti la sukari. Si sukari ya chai. Ni sukari za namna nyingine zilizoungana kama shanga katika uzi mrefu. Koti hilo si moja kwa wote, na wataalamu hulipa herufi: A, B, C, W, X, Y. Wale wa Banalia walikuwa na koti la W. Chini ya koti iko ngozi yake, yaani utando wa nje, na katika utando huo zimepandwa proteini nyingi. Nyingine ni milango ya kupitishia chakula. Nyingine ni kama kulabu za kujishikiza kooni mwa mtu. Nyingine zina kazi ya hila, kama tutakavyoona.

Na chanjo ni nini? Ni kuwaonyesha askari wa damu alama ya mwizi kabla mwizi hajaja. Siku akija, hawapotezi wakati kuuliza jina lake. Kwa makoti ya A, C, W na Y, koti lenyewe latosha kuwa alama. Wataalamu walichukua sukari ya koti la A, wakaifunga pamoja na proteini iliyotokana na sumu ya pepopunda, baada ya kuiondolea ubaya wake, ili hata mtoto mdogo aikumbuke kwa muda mrefu. Chanjo hiyo, MenAfriVac, ilianza kutolewa Burkina Faso tarehe 6 Desemba 2010, kwa bei isiyofika nusu dola kwa sindano moja. Tangu mwaka 2017 meningokoko wa koti la A hajaonekana tena katika nchi zile.

Lakini koti la B lina udanganyifu mkubwa. Sukari yake yafanana na sukari iliyo juu ya chembe za ubongo wa mtoto wa binadamu, hasa akiwa bado tumboni mwa mamake. Askari wa damu wakiliona, husema: "Huyu ni wa nyumbani," nao humwacha apite. Tena wataalamu waliingiwa na hofu: tukiwafundisha askari kulichukia koti hili, je, hawatamgeukia mtoto mwenyewe? Kwa hiyo hawakuwalazimisha. Waliliacha koti, wakaanza kuichunguza ngozi iliyo chini yake.

Mikrobe huyu hudondosha mapovu madogo ya ngozi yake. Wataalamu wa Kuba na wa Norwe waliyakusanya mapovu hayo, wakayasafisha, wakayafanya chanjo. Nyuzilandi ilifanya vivyo hivyo mwaka 2004, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeisumbua tangu mwaka 1991. Chanjo ilifaa. Lakini proteini inayoonekana zaidi katika mapovu hayo ni mlango mmoja uitwao PorA, na mlango huo wabadilika kutoka kabila moja la mikrobe mpaka lingine. Askari waliofundishwa mlango wa Nyuzilandi hawakuutambua vizuri mlango wa kwingine.

Ndipo wataalamu wa Siena, mji wa Italia, pamoja na Rino Rappuoli na mama Mariagrazia Pizza, walipofuata njia mpya. Badala ya kuanza na mikrobe mwenyewe, walianza na maandiko yaliyo ndani yake, yale yanayomwamuru atengeneze kila proteini. Mwaka 2000 maandiko hayo, yenye herufi zaidi ya milioni mbili, yalichapishwa yote. Kwa msaada wa kompyuta walichagua proteini kama 600 zilizoelekea kuwa nje ya ngozi. Waliweza kutengeneza 350 hivi, wakawachoma panya sindano kwa kila moja, wakaangalia damu ya panya ipi yaweza kumwua meningokoko. Zaidi ya 20 zilifaulu. Katika hizo wakachagua tatu, wakaziunganisha na mapovu ya Nyuzilandi. Chanjo hiyo yaitwa Bexsero; Ulaya iliikubali mwezi wa Januari 2013.

Moja ya hizo tatu nataka tuitazame vizuri. Ndani ya damu yetu mna walinzi wengine wanaotoboa na kuua kila kigeni. Ili wasituue sisi wenyewe, mwili una proteini iitwayo kigezo H, iliyo kama kipande cha mwenyeji: walinzi wakiikuta juu ya chembe, huipisha. Sasa meningokoko ana katika ngozi yake proteini ya kuikamata kigezo H. Yaani huiba kipande chetu na kukivaa! Chanjo yawafundisha askari kuutambua mkono ule wenye kukamata. Wakiushika, mambo mawili hutokea: mwizi atiwa alama, tena hawezi kushika kipande kingine.

Uingereza ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hiyo mwezi wa Septemba 2015. Baada ya miaka mitatu, wagonjwa wa koti la B kati ya watoto wa umri ule walikuwa wamepungua kwa asilimia 75.

Si vizuri kusifu kitu kupita kiasi. Chanjo hii humlinda aliyechanjwa, lakini haimfukuzi mikrobe kooni. Jambo hilo lilipimwa Australia ya Kusini kwa wanafunzi karibu 35,000, ikaonekana waliochanjwa huweza kumchukua na kumpeleka kwa mwenzao sawa na wasiochanjwa. Tena sisi huku koti la B si adui wetu mkubwa. Banalia ililetewa chanjo ya makoti A, C, W na Y, wala si hii. Lakini njia ile ya kusoma maandiko na kuchagua alama za ngozi sasa yatumiwa kwa mikrobe wengine. Jambo moja halikutazamiwa na wengi: mikrobe wa kisonono ni ndugu wa karibu wa meningokoko. Mwaka 2017 ilitangazwa ya kuwa vijana wa Nyuzilandi waliochanjwa kwa mapovu yale waliugua kisonono kwa uchache zaidi, karibu theluthi moja. Ugonjwa huo sasa washinda dawa nyingi, na huwapofusha watoto wanaozaliwa na mama mgonjwa. Tusiidharau habari hiyo kwa ajili ya aibu.

Labda msomaji atauliza: habari ya proteini na utando yamhusu nini mwalimu wa dini? Nitajibu kwa jambo nililoliona.

Katika kijiji kimoja mtoto alikufa kwa siku mbili. Nyanya yake ndiye aliyemlisha mwisho, ugali na sombe. Ilipofika usiku, vijana walisimama mbele ya mlango wa mama yule, wakasema wao wamjua mwenye kosa. Muuguzi alikuwa ameyatazama maji yaliyotolewa mgongoni mwa mtoto; yalikuwa meupe kama maji ya mchele, na mtoto mwingine wa nyumba ya tatu alikuwa amekwisha kulazwa na ugonjwa ule ule. Tulikaa na wazee mpaka jogoo wakawika. Sikuwaambia ya kuwa hakuna aliyeua. Niliwaambia yuko, tena angali katika koo za watu wa kijiji hiki, pengine na yangu, wala hana chuki na mtu. Nikawaeleza habari ya koti lifananalo na mtoto wa nyumbani, na jinsi wenye elimu walivyokataa kuwafundisha askari kumpiga mwenyeji, wakatafuta alama ambayo ni ya adui peke yake. Mzee mmoja akasema: "Basi sisi tumekuwa wajinga kuliko damu. Damu yamwogopa kumpiga wa nyumbani. Sisi twaanza naye." Mama yule alilala nyumbani kwake. Lakini tangu siku ile kuna wajukuu wasiokubali chakula chake, na hilo sijaweza kulirekebisha.

Kwa hiyo nawaomba, wasomaji wapenzi. Mtoto akipata homa kali, na kichwa kikimwuma sana, akatapika, akachukia mwanga, shingo ikakakamaa. Au mtoto mchanga akivimba utosi, akakataa ziwa: msingoje kuche. Mpelekeni hospitali saa ile ile, kwa maana dawa iko, nayo hufaa zaidi ikiwahi. Waganga wakitangaza chanjo, ulizeni ni ya makoti gani, kisha wapelekeni watoto. Na mkikaa kilioni mkasikia jina la mama mzee likitajwa, ulizeni kwanza muuguzi ameona nini.