Vumbi Nililolinyamazia

Nilijua, nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na sitalifunika kwa kusema sikuelewa.

Nilipewa kazi ya kugawa vyumba katika nyumba ya duka karibu na soko la Mudaka. Mwenye duka hakutaka mbao. Alikuwa ameona jinsi moto unavyoteketeza nyumba za mbao Bukavu. Nikamletea eterniti, vibao vya simenti vilivyong'olewa kwenye nyumba ya wakati wa Wabelgiji. Haviungui, mchwa hawavili, na bei yake ilikuwa nafuu.

Fundi mwenzangu aliyewahi kufanya kazi Rwanda alinionya: "Kaka, hizo zina asbesto. Ng'ambo ya Ruzizi serikali inaziondoa kwenye mapaa. Usizikate." Nikamjibu kwamba wazee wetu wamelala chini yake miaka yote. Kweli, kibao kizima kisichoguswa hakina hatari kubwa. Hatari ni kukikata na kukivunja. Nami nikamkabidhi msaidizi wangu mashine akate vikavu, pua wazi. Vumbi jeupe likamjaa kwenye kope, likatua hata juu ya mihogo ambayo mama jirani alikuwa ameianika. Niliona yote hayo. Sikusimamisha kazi.

Nyuzi za asbesto ni nyembamba mno, jicho halizioni. Zikishaingia mapafuni nyingi hubaki humo, na saratani inaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Kwa hiyo siwezi kujifariji kwamba mpaka leo hakuna aliyeugua.

Mama yule nimemweleza ukweli. Msaidizi wangu nimemwomba msamaha na kumsihi aache sigara, maana sigara na asbesto vikikutana hatari ya saratani ya mapafu huongezeka sana. Na kila aendapo hospitali amwambie daktari vumbi alilovuta. Mwenye duka nimemwambia asitoboe ukuta ule. Siku ya kuuondoa, vibao vilowanishwe, vifunguliwe bila kuvunjwa, vifungwe kwenye plastiki.

Siku hizi kuna vibao vya simenti visivyo na asbesto, vyenye nyuzi za miti. Hata hivyo navyo vikatwe kwa maji, kwa sababu vumbi la mchanga uliomo huharibu mapafu. Mafundi wenzangu, mkiuziwa eterniti ya zamani, ikataeni, na mwenye nyumba mwambieni sababu.