Mtamba Mweusi

Mzee aliyenifundisha ng'ombe tumemzika mwaka huu. Msibani kijana mmoja akanivuta kando, akaniuliza kama ni kweli mimi na marehemu tulinuniana miaka nenda rudi kwa sababu ya rangi ya dume. Ni kweli. Na kwa kuwa yeye hawezi tena kunikatisha, nitasema yangu.

Nilizaliwa Kamachumu, wilaya ya Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Ng'ombe wetu wachache walishinda rweya, kwenye nyasi nje ya vibanja, na kulala ndani ya msonge tuliolala sisi. Buhaya ya wakati ule ilimthamini ng'ombe kwa samadi kwanza, maziwa baadaye: udongo mweusi wa kibanja umejengwa na mavi ya ng'ombe wa mababu, na ukivuka ukaingia rweya, hata maharage yanakudharau. Nikasoma. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera na kuswaga maelfu ya ng'ombe wa ranchi ya Misenyi. Vita ilipokwisha nikaenda Mpwapwa kusomea mifugo, nikarudi Bukoba nikiwa bwana mifugo mwenye viatu vya mpira na majivuno.

Mradi wa KALIDEP, uliofadhiliwa na Waholanzi, ulikuwa unawakopesha wakulima mitamba, na deni linalipwa kwa mitamba. Wengi tuliowapokea walikuwa chotara: baba Friesian, mama Ankole wa hapa kwetu. Nikapangiwa kazi na mzee huyu, mchungaji tangu utotoni, asiyejua kusoma, mwenye kutambua ng'ombe mia kwa migongo yao tu. Mbele za watu aliniita Bwana Mifugo. Tukibaki wawili, mwana wange.

Siku ya kugawa mitamba ilikuwa vurugu. Kila mtu alimtaka mwenye mabaka meusi na meupe, kama wale wa kwenye kalenda. Mitamba weusi tii walibaki wamesimama pembeni kama wanawali wasioposwa. Mkubwa mmoja wa kazini, jina lake nalisitiri, alikwishajitengea mwenye mabaka makubwa kuliko wote kabla hatujafika.

"Waitu, huyu mweusi mnamwachia nani?" mzee akauliza umati. Kimya.

Akamshika mweusi kwenye kiuno, akainama, akaonyesha chini ya tumbo. Kwenye kiwele palikuwa na weupe kidogo, upana wa kiganja, na ncha ya mkia nayo nyeupe. "Mzungu yuko hapa," akasema.

Alikuwa sahihi, na sababu yake niliijua kwa kusomeshwa. Weusi wa Friesian hufunika wekundu wa Ankole. Mabaka nayo hufunikwa na rangi ya mwili mzima. Basi Friesian akimpanda Ankole mwekundu asiye na mabaka, ndama huzaliwa mweusi, na mabaka yote ya baba hubaki doa la tumboni. Mtamba mweusi wa siku ile alikuwa nusu Friesian kamili. Yule wa mabaka huenda alikuwa na mama wa mabaka tu, maana Ankole wenye mabaka nao wapo. Rangi ilikuwa inamsema mama, watu wakadhani inasema maziwa.

Kinachofunikwa hakipotei. Kule Kanyigo majirani wawili nusura wafikishane barazani kwa ndama mwekundu. Ng'ombe mweusi, dume mweusi, wote chotara, ndama mwekundu: mwenye ng'ombe akadai amedanganywa, kapandishiwa dume mwingine gizani. Mzee akacheka, akasema huyo ni bibi yake karudi. Mimi nikachora kwenye vumbi: chotara wawili weusi, kila mmoja kaficha wekundu, basi kwa ndama wanne tegemea mmoja mwekundu. Wakamwamini mzee. Mchoro wangu ulikanyagwa na mbuzi.

Mpaka hapo tulikuwa wamoja. Tuligombana kwa dume.

Kijiji kilitaka dume la pamoja, na kati ya mawili, la mabaka na jeusi, nikachagua lenye mabaka. Usinicheke. Nilifungua kadi za mama zao, na mama wa hilo la mabaka alikuwa anakamuliwa zaidi ya mara mbili ya mama wa lile jeusi. Mzee akakataa katakata. Dume huchaguliwa kwa pua, alisema: pua nyeusi, kope nyeusi, kwato nyeusi. Pua ya waridi, jua litamla, na binti zake watapasuka chuchu. Akaenda kuwaambia wanakijiji kwamba bwana mifugo kapenda kalenda.

Wakanunua yote mawili. Mabinti wa dume langu walijaza ndoo. Mabinti wa dume lake walikamuliwa kidogo, lakini ndigana kali ilipopita, josho likiwa halina dawa, waliosimama wengi walikuwa wake. Alinikumbusha hilo kila harusi.

Nilimjibu, na leo namjibu tena: si pua iliyowaokoa. Dume lake lilikuwa nusu Ankole, langu robo tu, na damu ya Ankole imezoeana na kupe wa huku kuliko ya Friesian. Kuhusu jua na chuchu nyeupe sikumbishia, ngozi isiyo na rangi huungua kweli. Lakini chuchu inapakwa mafuta, damu haipakwi.

"Basi pua yangu imeniambia ulichokisoma kwenye kadi," alinijibu, "na mimi sikusomeshwa kwa kodi ya mtu."

Sijapata jibu la hilo ninaloliridhia. Ila najua kwamba pua haikumwambia lita.

Ninyi vijana ndio mnaonikera. Mnanunua mtamba kwa picha ya simu! Mabaka yametakata, bei imepanda, kadi ya mama haipo, baba hajulikani, na pengine baba ndiye huyohuyo aliyemzaa mama. Mbegu bora zinatoka kituo cha Usa River, Arusha, kila mrija umeandikwa dume lake. Mnamlipa mhimilishaji halafu jina la dume hamliandiki popote. Mimi na marehemu tuligombana kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu cha kuangalia.

Nimestaafu, lakini bado mnaniletea hizo picha. Huwa nauliza swali moja tu: mama yake jioni anatoa lita ngapi? Wengi wenu hapo ndipo mtandao unapokatika.