Kungoja Mbele ya Mstari wa Amri

Angojaye akiona dalili hachoki sawa na angojaye gizani. Katika vilima vya Rungwe mpishi wa ndizi hana haja ya kufunua sufuria kila mara: mfuniko hutikisika, mvuke hutoka ubavuni, naye hujua kuwa moto unafanya kazi. Lakini kijana wa Matwebe aiamuruye kompyuta kwa maandishi matupu, pasipo picha za kubofya, hana mfuniko wa kutazama. Ameandika amri ya kuleta programu kutoka seva ya mbali, na kioo kimenyamaza. Je, kazi i hai au imekufa? Akiikatiza iliyo hai, amepoteza bando alilolinunua kwa fedha yake. Akiingoja iliyokufa, amepoteza mchana wake.

Kwa shida hiyo watunga programu walibuni ishara ya kungoja. Iliyo maarufu ina alama nne tu: mstari uliosimama, mkwaju, kistari kilicholala, na mkwaju ulioinamia upande wa pili. Zikiandikwa moja juu ya nyingine upesi upesi, jicho huona kijiti kinachozunguka. Siri yake ni herufi isiyoonekana, namba 13, iamuruyo kurudi mwanzo wa mstari bila kushuka mstari mpya. Herufi hiyo ni urithi wa mashine za simu za maandishi, ambazo kichwa chake cha kuchapia kilirudishwa kushoto kila mstari ulipokwisha. Pambo la kioo, basi, ni mjukuu wa chuma.

Ndugu wa kijiti ni upau ujazwao kadiri kazi inavyosonga. Mwaka 1985 Brad Myers alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watumiaji huupenda upau wa namna hiyo kuliko kuachwa bila habari. Hata hivyo, upau hudai kujua kazi nzima ni kiasi gani. Seva isipotaja ukubwa wa faili, asilimia yoyote iandikwayo ni ubunifu mtupu, na kijiti kinyenyekevu kina heshima zaidi.

Lakini kijiti nacho huweza kusema uongo, na hapa ndipo penye neno. Programu nyingi hukizungusha kwa saa: kila sehemu ndogo ya sekunde hupita, alama hubadilika, kazi iwe imesonga au haikusonga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo kijiti cha saa huzunguka kwa furaha ile ile, kama mfuniko utikiswao na mkono wa mtu juu ya jiko lililozimika. Ishara ya haki husukumwa na kazi yenyewe: baiti zimefika, alama inageuka, hazikufika, inasimama. Kusimama kwake ni habari, tena habari ya thamani kwa mtu anayelipia kila megabaiti.

Pambo lina gharama pia. Mwaka 2016 ilibainika kuwa upau wa npm, programu ya kuleta vifurushi vya JavaScript, uliichelewesha kazi yenyewe. Baadhi ya waliouzima waliona muda ukipungua karibu nusu. Mtumishi alitumia nguvu nyingi kutangaza kuwa anatumika!

Yamebaki mambo ya adabu. Matokeo yakielekezwa kwenye faili badala ya kioo, ishara inyamaze, la sivyo faili hujaa mikwaju isiyo na maana. Kama programu imekificha kishale ili mchezo uonekane safi, ikirudishe hata mtumiaji anapoikatiza katikati. Na mtandao ukikatika, iandike kiasi kilichokwisha kufika, kwa kuwa programu kama wget, ikiongezewa alama ya -c, huweza kuendelea kutoka pale ilipokomea, seva ikiruhusu, pasipo kuzilipia tena baiti zilizokwisha kulipiwa.